Mafuta ya parachichi ya Mbuyuni: jikoni sawa, mikononi hapana

Nina pumu ya ngozi mikononi, na kazi yangu ni saluni: kuosha vichwa vya watu kutwa nzima. Julai, baridi ya Moshi ikishika, katikati ya vidole panapasuka hadi shampuu ikinigusa naruka. Mtu akiniambia ana mafuta, nanunua.

Safari hii ni ya parachichi, yaliyokamuliwa bila moto, kwenye duka dogo jirani na soko la Mbuyuni. Robo lita shilingi 15,000. Mafuta yenyewe mazuri, nisiwanyime haki yao. Yana kijani kilichokolea, yananukia parachichi kweli, na kwenye kachumbari hayana mpinzani. Ukienda na chupa yako, wanakupunguzia bei.

Shida ni maneno ya muuzaji. "Dada, paka asubuhi na jioni, unywe na kijiko kimoja, mwezi mmoja umepona." Pumu ya ngozi inatulizwa tu, kijiko hakiiponyi. Hata vidonge vya mafuta ya mbegu za ua liitwalo evening primrose, ambavyo watu wamevimeza miaka na miaka kwa ugonjwa huu, uchambuzi wa 2013 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ulionyesha havizidi vidonge visivyo na dawa ndani.

Na kwenye kupaka? Parachichi limejaa asidi ya oleiki, aina mojawapo ya mafuta, sawa na zeituni, na mafuta ya zeituni yalishapimwa kwenye ngozi za watu yakaonekana yanadhoofisha ule utando wa juu unaozuia maji yasitoke. Yangu yaliteleza vizuri saa ya kwanza, kisha mwasho ukarudi. Alizeti ya kawaida ina asidi nyingine, linoleiki, kwa wingi, ambayo ngozi huitumia kujenga utando huohuo, na bei yake haiumizi. Ila omba yaliyochujwa, yasiwe na machicha chini.

Mshindi wangu bado ni vaselini. Haina lishe yoyote, inafunika tu maji yasitoroke, na ndiyo kazi ninayoitaka. Nanawa, nakausha kwa kugusagusa, napaka mikono ikiwa bado na unyevu, usiku navaa soksi za pamba mikononi (mume wangu hucheka, acha acheke). Pakiwaka kweli, krimu ya daktari ndiyo inatangulia.

Mkienda dukani, msichukue chupa za dirishani. Ni za kioo cheupe na jua la mchana linazipiga moja kwa moja, mafuta yanachacha. Ombeni za kwenye boksi, nyuma ya kaunta.