Bisibisi za nyumbani: uzoefu wangu na seti ya vipande sita niliyonunua Ngamiani

Kabla ya bei na kabla ya chapa: ukienda kununua bisibisi, nenda na skrubu zako mfukoni. Mimi nilikwenda na skrubu ya bawaba ya kabati la jikoni, ya plagi ya pini tatu, ya wavu wa feni na moja kongwe ya cherehani ya mama. Kijana wa duka la kwanza aliziangalia, akaniangalia na mimi, akauliza, "Dada, umetumwa na shemeji?" Nikamwachia salamu, nikahamia duka la pili.

Nakaa Raskazone, Tanga, kwenye nyumba ya zamani yenye madirisha yanayotazama bahari. Ndugu zangu wa bara wakija likizo hushangaa chuma kinavyoteseka huku kwetu. Upepo unaingia na chumvi yake, bawaba zinapiga kutu, skrubu za nje zinashikana na mbao mpaka unadhani zimegandishwa kwa gundi. Skrubu ya namna hiyo ikikutana na bisibisi laini, kichwa kinalika. Kikishalika, kazi ya dakika tano inageuka kuwa ya kumwita fundi aje na dirili, atoboe, atoe, aweke nyingine, na bado umpe nauli. Ndiyo maana sihesabu vipande nikinunua seti. Natazama ncha.

Nyumbani tulikuwa na lile kasha la plastiki ambalo karibu kila nyumba inalo, zawadi ya harusi, vipande thelathini na kitu, na ndani yake spana za kuchezea watoto na plaizi isiyokata hata waya wa redio. Bisibisi yake kubwa ya nyota nimeihifadhi kwenye droo mpaka leo ili niwaonyeshe watu. Ukiisogeza kwenye mwanga unaona mabawa manne ya nyota yamejisokota upande mmoja kama kamba ya katani, na ile rangi ya kung'aa imebanduka, chini yake chuma cha kijivu. Chuma kikisokoteka hivyo hakikupata moto unaotakiwa kukikomaza, hata kama ubavuni wameandika Cr-V. Cr-V maana yake ni chuma kilichochanganywa kromiamu na vanadiamu, na ni chuma kizuri kweli kikikomazwa sawasawa, lakini kuchonga herufi mbili tatu kwenye chuma chochote ni kazi rahisi.

Duka la pili liko Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba. Mwenye duka ni mzee wa makamo, ana kofia ya vito na miwani iliyoshikwa kwa waya. Nikamwamkia, nikamwaga skrubu zangu juu ya kaunta. Akachukua ya kabati, akaichomeka kwenye ncha ya bisibisi moja ya nyota, akaitikisa kidogo. Ikacheza. Akachukua bisibisi nyingine ambayo kwa macho yangu ilikuwa ileile, akachomeka skrubu ileile. Ikatulia, haikwenda kulia wala kushoto.

"Mwanangu, nyota si moja," akasema.

Na hapa ndipo pesa za watu wengi zinapopotelea. Nyota ya kawaida, ile iliyoandikwa PH, ni ya Phillips. Henry Phillips wa Portland, Oregon, alipata hataza zake Marekani mwaka 1936, na kiwanda cha magari ya Cadillac kikawa cha mwanzo kuzitumia. Kuta za tundu lake zina mteremko, kwa hiyo ukizungusha kwa nguvu bila kukandamiza, bisibisi inapanda yenyewe na kuruka nje. Ndipo inapokula kichwa. Nyota ya pili ni Pozidriv, inaandikwa PZ. Itazame kichwani: katikati ya mikono minne ya msalaba kuna mistari mingine minne myembamba, imekaa mshazari. Kuta zake zimesimama zaidi, haziirushi bisibisi kirahisi. Bawaba za makabati ya kisasa na fanicha za kuunganisha mwenyewe mara nyingi ni PZ. Ukiingiza PH kwenye PZ itaingia, itazungusha mara mbili tatu, halafu itaanza kusaga. Skrubu yangu ya kabati ilikuwa PZ2, na miaka yote tumekuwa tukiipiga kwa PH.

Ya tatu mzee aliitaja kwa sababu alisikia nina jamaa wa pikipiki. Vyombo vingi vya Kijapani vya zamani vina nyota yao ya kiwango cha JIS, na kichwani mara nyingi pana kidoa kimoja kidogo kilichobonyezwa. PH ya kawaida haifiki chini ya tundu hilo, inakaa juujuu. Kama unafungua pikipiki au vifaa vya Kijapani, tafuta ya JIS. Kama unafungua makabati tu, usihangaike nayo.

Namba inayofuata herufi ni ukubwa wa ncha. PH2 ndiyo mkate wa nyumba, inafungua karibu kila skrubu ya mbao unayoikuta ukutani na mlangoni. PH1 ni ya vitu vyepesi, wavu wa feni yangu ulikuwa huo. PH0 ni ya vidude vya betri. Watu wanajaribu kufungua vyote kwa moja, na moja hiyo ndiyo inayoharibu vyote.

Bisibisi bapa tunazidharau, tunafungulia makopo ya rangi na kubandulia matairi ya baiskeli. Lakini cherehani ya mama ni bapa tupu, kuanzia sahani ya sindano mpaka kwenye mkono wa kupitishia uzi. Skrubu hizo ni za chuma laini na tundu lake ni jembamba. Bapa nzuri ukiitazama ubavuni, ile sehemu ya mwisho kabisa ina unene mmoja, haijachongoka kama patasi. Iliyochongoka inagusa mdomo wa tundu tu, ukisukuma inateleza na kuacha mkwaruzo juu ya mashine ya watu. Upana nao uwe sawa na urefu wa tundu, usipungue sana. Mzee alinitolea mbili: ya milimita 3 kwa vitu vya plagi, na ya 6 hivi kwa mengineyo.

Alinionyesha na jambo la tupa. Alikuwa na bisibisi ya mfano pale kaunta, akapitisha pembe ya tupa ndogo kwenye ncha yake. Ikateleza kwa mlio mwembamba, haikuuma. Akafanya hivyo kwa moja ya bei poa iliyokuwa inaning'inia mlangoni, tupa ikaondoka na unga. Si kila mwenye duka atakuruhusu, na usifanye bila kuomba, lakini ukipata mwenye moyo kama huyu hutahitaji kusoma kasha.

Sumaku isikudanganye. Ncha yenye sumaku inabeba skrubu hata kama haikai vizuri ndani, ukaona imeshika ukafurahi. Mimi naipenda sumaku ninapopanda kwenye stuli kufunga feni ya dari, lakini dukani jaribu kwanza kama inacheza. Na ncha nyeusi isiyong'aa mara nyingi ni dalili njema, kwa sababu haijapakwa kromu nene inayoviringisha kona.

Mpini: uwe mnene, ujaze kiganja. Joto la huku mkono unatoa jasho, plastiki tupu inateleza. Mpira wa bei rahisi nao ukikaa karibu na jiko unaanza kunata, kwa hiyo unuse. Ukinuka mafuta makali, uache.

Sasa umeme, na hapa sina utani. Mpini wa plastiki peke yake si kinga. Bisibisi ya umeme ya kweli imefunikwa mpaka karibu na ncha, na ina alama ya pembetatu mbili pamoja na maandishi 1000 V, ambayo ni ya kiwango cha IEC 60900. Kwa kiwango hicho, kifaa hupimwa kwa volti 10,000 ili kiruhusiwe kutumika mpaka 1,000. Ukutani kwetu ni volti 230, inaweza kuonekana kidogo, lakini ndiyo inayoua watu. Hata ukiwa nayo, shusha meni swichi kwanza, na mita ya LUKU na lakiri zake waachie TANESCO. Ile testa ya taa ndogo ndani ya mpini usiifanye bisibisi. Taa yake inawaka kwa umeme mdogo unaopita mwilini mwako, na ukishaipinda kwa kukazia skrubu hujui tena inakuambia nini. Kutowaka kwake pia si ushahidi kwamba waya hauna umeme.

Nikachagua seti ya vipande sita: PH1, PH2, PZ2, bapa ya 3 na bapa ya 6 zenye mpini wa kinga, na moja bapa nene ambayo chuma chake kinapita mpaka mwisho wa mpini, ya kugongwa kwa nyundo. Mzee alianza na elfu thelathini, tukamaliza kwa elfu ishirini na nne. Jina la chapa silitaji kwa makusudi. Nimeliona jina hilohilo, kasha lilelile, mezani kwa machinga kwa nusu ya bei, na ncha zake zilikuwa za kuliwa na tupa. Jina linabandikwa.

Masika yameshapita juu yake. Kazi kubwa iliyofanya ni madirisha ya upande wa bahari. Bawaba za chini zilikuwa zimegeuka rangi ya udongo, matundu ya skrubu yamejaa chumvi na rangi za mafuta za miaka mingi. Nilikwangua tundu kwa msumari mpaka likaonekana, nikadondoshea mafuta ya cherehani, nikaacha lilale. Asubuhi nikaweka ile bapa nene, nikaigonga kwa nyundo taratibu, kisha nikazungusha kidogo upande wa kukaza kabla ya kufungua. Ilitoa mlio wa "kra" halafu ikaachia. Nyingine zilikatika, kutu ilishazila kiunoni, hapo bisibisi haina la kufanya. Lakini kichwa hakikulika hata kimoja, na ncha ukiitazama leo kona zake bado zipo.

Kasoro zake: zile ncha nyeusi zinapata kutu haraka. Nikiziacha dirishani usiku mmoja wa unyevu, asubuhi zina vumbi la rangi ya chungwa. Nazifuta kwa kitambaa chenye mafuta na kuziweka kabatini, mbali na jiko. Kasha lake ni la kadibodi, limeshachanika, nimezishonea mfuko wa kanga. Na hakuna PH0 ndani, kwa hiyo rimoti ya king'amuzi ilinilazimu kurudi kwa mzee kununua moja peke yake.

Bapa ikianza kuviringika kona unaweza kuisawazisha kwa tupa, kwa mkono, polepole. Usiipeleke kwenye mashine ya kunolea ikabadilika rangi kuwa ya bluu. Moto ule unaondoa ugumu wote uliolipia. Nyota ikiisha imeisha, itupe.

Kama mfuko unaruhusu, chukua PH2 mbili. Moja ni ya kwako, ya pili ni ya majirani, maana ikishatoka kwenda kwa Mama Fulani kufunga kitasa hairudi mpaka uifuate.