Eti babu alinunua shamba mwaka 1331: uzoefu wangu na watu wa kutafuta nasaba Malindi

Naandika hii bado nina hasira, mnivumilie. Mie ni mtu wa Lamu, Langoni, lakini upande wa baba tulikuwa na shamba Malindi, njia ya Mambrui huko, shamba lenyewe lishakwenda zamani na hatumdai mtu, nilichotaka ni nasaba tu. Shangazi yangu ana sanduku la bati chini ya kitanda, ndani mna wasia mmoja na hati mbili za Kiarabu zimefungwa kwa kipande cha kanga, ukizishika pembe zinakatika kama kachri. Nyumbani hakuna anayeweza kuzisoma. Nikaambiwa kuna ofisi Malindi wanatafutia watu ukoo kwa hizo hizo hati na wasia, wanaingia masjala za ardhi, wakisharudi wanakupa mti wa ukoo kwenye fremu. Elfu kumi na nane. Nikalipa, nikapanda mashua hadi Mokowe, basi mpaka Malindi, karatasi nimezikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

Baada ya miezi, sijui miwili sijui mitatu, fremu ikaja. Nzuri, sisemi uongo, ukingo wa dhahabu. Juu kabisa jina la baba yake babu, na chini yake: alinunua shamba, 1331.

Jamani! 1331 ndio mwaka Ibn Battuta alipita Mombasa akielekea Kilwa. Vasco da Gama kufika Malindi bado miaka mia na sitini na saba. Halafu mtoto wa huyo mzee, babu yangu niliyemwona kwa macho yangu akisuka ukili, kazaliwa elfu moja mia tisa na ishirini na kitu. Basi hapo katikati wamechora mstari, umeshuka kama kamba ya ndoo kisimani, miaka karibu mia sita hamna mtu. Shangazi alipoiona alicheka mpaka akakaa chini, "Basi huyo ndiye alokuya na safina ya Nuhu."

Nikapiga simu. Akapokea kijana, sauti ya mtu anayetafuna kitu, nikamweleza, akaniambia, "Mama, tarehe ni tarehe. Sisi tunaandika kilichoandikwa." Nikamwambia mwanangu hiyo ni Hijria, kalenda ya Kiislamu, 1331 ya Hijria ni mwisho wa 1912 kuingia 1913, hati kaandika kadhi, kwa Kiarabu, ulitaka atie tarehe ya nani? Akanijibu kompyuta haina hiyo. Akakata. Na mwalimu waliyempa azisome alisoma sawasawa, karatasi yake ninayo hapa, ameweka na alama ya Hijria, ni huyu wa kompyuta alopachika tu. Tarehe ni tarehe! Mpaka leo nikikaanga samaki hilo neno linanijia mafuta yananirukia mkononi.

Na kinachoniuma si kuchekwa. Tarehe ndiyo iliyobeba mambo yote. Mwingereza alileta sheria ya hati za ardhi Pwani 1908, mwaka mmoja tu tangu utumwa upigwe marufuku huku kwetu, kila mwenye shamba aende adai na athibitishe, na ardhi isiyodaiwa inakuwa ya Mfalme wa Uingereza. Wengine walikuwa na hati za kadhi, wengine hawana ila mashahidi. Sasa ukiona hati ya shamba Malindi ya 1913 unajua mara moja huyo mzee alikuwa akikimbizana na nini. Ukiona 1331 unajua nini?

Halafu wanawake wote wanne kwenye ule mti wanaitwa Binti. Binti, Binti, Binti, Binti. Karani wa Kizungu alikuwa akimwandika mwanamke kwa jina la babake, binti fulani, kamaliza, kijana wetu akadhani ndilo jina alilopewa siku ya arubaini.

Hapa nilikuwa nimeshatia nyota moja, nimefuta. Kwa sababu nyuma ya fremu walibandika bahasha, mie niliiona baada ya wiki nzima, nilikuwa nimeigeuza kwa hasira. Ndani mna nakala ya madai ya lile shamba yaliyopelekwa kwa Wazungu, na mdai si mwanamume. Ni mamake babu. Chini pana alama ya dole gumba, nyeusi, imeteleza upande kidogo kama aliyeshikwa mkono akakandamizwa. Sisi miaka yote tunaliita shamba la babu! Mwalimu alipousoma wasia ulitaja nyumba, deni la duka na theluthi ya msikiti, shamba halimo, nikajua wamelisahau. Kumbe hati ya pili ni hiba, mzee alimpa mkewe shamba lote akiwa hai, na minazi yake, sasa angelitia vipi kwenye wasia na si lake?

Nililia barazani watu wanapita.

Nikauliza nani aliyeipata, nikaambiwa kuna mzee hapo ofisini, alishinda masjala Mombasa siku tatu akitafuta jina la mume hapati kitu, ndipo akajaribu jina la baba wa bibi, akaanzia kwenye Binti, likatoka. Huyo mzee nyota tano na dua juu yake. Hata pesa yangu niliona imekwenda mahali pake.

Sasa nimewaambia warekebishe ule mwaka. Wanataka elfu mbili mia tano ya kuprinti upya. Kosa lao! Kwa hiyo nyota tatu, hapana, mbili, na hizo mbili ni za mzee. Fremu nimeitundika inaangalia ukuta. Mkienda bebeni nakala, karatasi za asili msiziachie mtu, na mkipiga simu akipokea kijana kateni, pigeni tena baada ya alasiri, mzee huwa amesharudi msikitini.