Seestar S50 kwenye anga ya Nakuru: uzoefu wangu na nebula za sayari

Kama unachotafuta ni pete za Zohali zikijaa kwenye kioo cha simu, darubini hii si yako. Seestar S50 ina lenzi ya upana wa milimita 50 na urefu wa fokasi wa milimita 250, na Zohali ndani yake ni nukta yenye masikio. Lakini kama umekuwa ukitamani kupiga picha ya nebula, yaani wingu la gesi angani, ukiwa uani kwako, taa za majirani zikiwaka, nakuambia bila kusita: inunue. Mimi naitumia Lanet, upande wa mashariki wa mji wa Nakuru, na imenipa picha ambazo zamani nilidhani lazima mtu aende Turkana kuzitafuta.

Ni darubini, kamera, kompyuta ndogo na betri, vyote ndani ya kifaa kimoja cha kilo mbili na nusu. Unakisimamisha kwenye miguu yake mitatu, unakisawazisha, unakiunganisha na simu kwa waifai yake chenyewe (hakili bando), unachagua jina kwenye ramani ya anga, nacho kinajitafutia. Kinapiga picha fupi za sekunde 10, zilizoharibika kinazitupa, nzuri kinazipanga moja juu ya nyingine, na wewe unakaa unatazama umbo likijitokeza kwenye simu. Kuna kipasha joto cha kuzuia umande kwenye lenzi. Kwa baridi ya Nakuru usiku, usikisahau hicho.

Kilichonifanya niandike ni kichujio chake cha mwanga, kinachofaa sana kwa nebula za sayari. Nebula ya sayari haihusiani na sayari yoyote. Ni gesi iliyotupwa na nyota ya aina ya Jua letu inapozeeka, na kiini kilichobaki, chenye joto kali mno, huiangaza kwa miale ya urujuanimno. Mwanga wa gesi hiyo hautawanyiki kwenye rangi zote kama mwanga wa taa. Umejikusanya kwenye mistari michache: oksijeni kwenye nanomita 500.7, ambayo ni kijani, na haidrojeni kwenye 656.3, ambayo ni nyekundu. Mwaka 1864 Mwingereza William Huggins aliuona huo mstari wa kijani katika Nebula ya Jicho la Paka, na watu wakadhani ni elementi mpya kabisa. Ilichukua hadi 1927, Mmarekani Ira Bowen alipoonyesha kuwa ni oksijeni ya kawaida iliyopoteza elektroni mbili, ikiwa kwenye gesi nyembamba kuliko utupu tunaoutengeneza maabara.

Kichujio cha Seestar hupitisha kipande cha kijani na kipande cha nyekundu, kisha huzuia sehemu kubwa ya kilichobaki. Ndiyo maana taa nyeupe za barabarani zinazonyima majirani usingizi hazinishindi. Usiku nilipoipiga Helix, nebula ya sayari iliyo kubwa angani, mara ya kwanza, kijani kilipoanza kutokea katikati ya duara na wekundu ukazunguka pembeni, nilimwita mama atoke nje. Akatazama simu, akatazama juu, akauliza, “Na hii yote iko hapo saa hii?” Iko, mama. Miaka 650 hivi ya nuru kutoka hapa, na upana wake angani ni karibu nusu ya upana wa Mwezi, ila ni hafifu mno kwa macho yetu.

Sasa jambo ambalo maelezo ya watumiaji wa Ulaya hayatakuambia, kwa sababu wao hawaishi kwenye ikweta. Darubini hii hugeuka kushoto na kulia, juu na chini. Inapoifuata nyota kwa namna hiyo, picha huzunguka polepole ndani ya fremu, na kasi ya mzunguko inategemea kitu kiko wapi. Huku kwetu nyota hupanda karibu wima kutoka mashariki. Kitu kikiwa bado chini, upande wa mashariki au magharibi, mzunguko ni mdogo. Kikikaribia utosini, unakuwa mkali. Nimepiga hesabu ya Helix: ikiwa nyuzi 30 juu ya upeo, picha huzunguka kama nyuzi 7 kwa saa. Ikifika kileleni, nyuzi 69, inazidi nyuzi 40 kwa saa, na pembe za picha zinapotea. Wenzetu wa kaskazini husubiri kitu kifike juu kabisa. Sisi tupige kati ya nyuzi 30 na 55, basi.

Kuna njia ya kuiinamisha darubini ielekee ncha ya anga, pale nyota zote zinapoonekana kupazunguka, ili mzunguko uishe. Nakuru, ncha hiyo iko kwenye upeo wenyewe, kwa hiyo ungelazimika kuilaza ubavu. Mimi siilazi. Nafuata saa tu.

Chagua nebula kubwa. Kila pikseli hapa ni kama sekunde 2.4 za tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja), hivyo Nebula ya Pete, M57 katika orodha ya Messier, inapata pikseli 35 tu kwa upana. Utaiona ni pete, na uzuri wake unaishia hapo. M27, ambayo mwanaastronomia Mfaransa Charles Messier, mwenye orodha hiyo, aliigundua 1764 ikiwa nebula ya sayari ya kwanza kujulikana, inapata kama 200. Hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Agosti, saa mbili usiku, iko kaskazini-mashariki kwa kimo kizuri, kama mawingu ya jioni yamekubali kuondoka. Na kwa sababu tuko ikweta tunapata anga zote mbili: M27 ya kaskazini, Helix ya kusini, na kila kimoja hukaa juu ya upeo saa 12.

Mwaka 2024 bei ilikuwa karibu dola 500 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi 60,000 kabla ya usafiri na ushuru. Uliza ushuru mapema. Picha ya simu inatosha kuwatumia watu, ila faili ghafi zina mengi zaidi. Mimi huzihamishia kwenye laptopu na kuzisafisha kwa programu ya Siril, ambayo ni ya bure, na hapo ndipo nyuzi nyembamba za gesi pembeni mwa M27 hutokea.

Ukiipata mwanzoni mwa Disemba, anza na Helix kati ya saa mbili na saa nne usiku, kusini-magharibi. Acha ikusanye angalau saa nzima. Baada ya saa tano huwa imeshuka mno.