Klachi ya Honda CG125 iliyokuwa inateleza: pleti mpya, springi na fundi wa hapa Lindi

Kwa wenye haraka: klachi imepona. CG125 ya mjomba sasa inapanda mlima wa Mtanda ikiwa na abiria nyuma, na resi unayofungua unaiona kwenye mwendo. Kilichoiponya ni seti ya pleti (sahani za klachi zinazobanana ili nguvu ya injini ifike tairi) pamoja na springi zinazozikandamiza, chupa moja ya oili ya pikipiki, na fundi aliyepima kwanza ndipo akafungua. Huyo fundi ndiye ninayempa sifa kubwa kuliko spea zenyewe.

Pikipiki ni ya zamani, CG halisi ya Japani. Honda walianza kuitoa 1976 wakilenga nchi kama zetu, ambako pikipiki inabebeshwa mizigo mizito na matunzo yanakuja pesa ikipatikana. Mjomba ameitumia msimu baada ya msimu kutolea korosho mashamba ya upande wa Mtama, kwa hiyo klachi ilikuwa na haki ya kuchoka.

Dalili zilikuwa hivi. Barabara tambarare, gia ya juu, ukifungua resi mlio unapanda lakini mwendo uko palepale. Ukikuta mlima ndiyo usiseme, na ukifika juu unasikia harufu ya kitu kilichoungua. Fundi wa kwanza kuiona alitamka papo hapo kwamba pistoni na ringi zimekwisha, injini ishushwe, silinda ikachongwe. Mwenye pikipiki ya zamani naomba asome hapa taratibu, maana watu wanakula hasara kubwa sana kwa jambo hili. Injini iliyochoka haipandishi mlio. Unafungua resi inabaki nzito, pengine inatoa moshi, na mlio unashuka pamoja na mwendo. Klachi inayoteleza ni kinyume chake: injini inazunguka vizuri kabisa, ila nguvu haifiki tairi la nyuma. Ukitofautisha hayo mawili, umeshaokoa gharama ya kuchonga silinda isiyo na tatizo.

Fundi mwingine aliikaza kebo ya klachi, na tatizo likazidi. Lilikuwa lazima lizidi. Kebo ikikazwa mpaka mkono wa klachi kwenye usukani hauna nafasi ya kuchezea, ni sawa na kuendesha ukiwa umeshika klachi kidogo muda wote. Springi hazikandamizi pleti sawasawa. Kwenye ncha ya mkono panatakiwa pawe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kabla kebo haijaanza kuvuta.

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja hapa mjini. Nilipomwamkia aliitikia, akaniambia nisizime kwanza.

"Humu mmeweka oili gani?"

Nikamwambia ni ile aliyokuwa akinunua mjomba, ya magari, inayopimwa kutoka kwenye galoni.

"Basi tutaanzia hapo, mwanangu."

Klachi ya CG inafanya kazi ndani ya oili ileile ya injini. Oili nyingi za kisasa za magari, zile nyepesi zinazotangazwa kwamba zinaokoa mafuta, zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Ya pikipiki kama hii itafute yenye alama ya JASO (kiwango cha Kijapani cha oili) MA au MA2 nyuma ya chupa. JASO MB iache, hiyo ni ya skuta ambazo klachi yake haikai ndani ya oili.

Alilegeza kebo mpaka mchezo ukarudi, akaiendesha mwenyewe, akarudi akitikisa kichwa: bado inateleza. Akaijaribu ikiwa imesimama, breki zimeshikwa, gia ya tatu, akaachia klachi huku anaongeza resi kidogo. Injini ilitakiwa izimike. Haikuzimika. Jaribio hilo alilifanya mara moja tu, kwa sababu ukilirudia unamalizia pleti zilizobaki.

Kufungua kwenyewe niliketi nikitazama. Alimwaga oili, ilikuwa nyeusi na inanuka kuungua. Kisha akachukua kipande cha boksi, akachora umbo la kava ya upande wa kulia, akatoboa matundu, na kila boliti iliyotoka akaichomeka kwenye tundu lake. Boliti za kava hiyo hazilingani urefu. Ndefu ikiingia mahali pa fupi, unavunja alminiamu. Kwa kitendo kile kidogo nilijua pikipiki iko kwenye mikono salama.

Ndani, vipande vya msuguano kwenye pleti vilikuwa vimelika na kung'aa. Pleti mpya ni karibu milimita 3, zile zilikuwa zimekonda mpaka unaona kwa macho. Pleti za chuma tupu zilikuwa na rangi ya bluu, alama ya joto kali. Akazilaza moja moja juu ya kioo na kupitisha kipimo chembamba chini yake. Zilizopinda zaidi ya milimita 0.2 akaziweka kando. Springi akazisimamisha pembeni ya mpya, na zote za zamani zilikuwa fupi. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanabadilisha pleti na kurudisha springi zilizolegea, baada ya muda mfupi wanarudi kulalamika kwamba spea ni feki.

Pleti mpya zililala ndani ya oili usiku kucha kabla ya kufungwa, zisiungue siku ya kwanza. Boliti za springi alizikaza kwa msalaba, kidogo kidogo.

Gharama: pleti na springi 28,000, oili lita moja 14,000, ufundi 15,000. Ufundi kwa kazi ile ni bei ya haki kabisa, na aliyeniambia ni ghali simkubalii. Malalamiko ninayo mawili. Seti ya dukani haiji na pleti za chuma, ikabidi ziagizwe Dar na kusubiri basi, na muuzaji hakunitajia mpaka nilipouliza. La pili, gasketi ya kuziba oili kwenye kava aliikata mwenyewe kwa mkono kutoka kwenye karatasi, na chini ya kava panatoa unyevu wa oili. Haidondoki chini, lakini nimemwomba aibadilishe gasketi hiyo siku oili itakapomwagwa tena.

Mzee aliniambia siku za mwanzo nisibebe gunia mpaka pleti zikae, kisha nikague mchezo wa mkono upya. Nilikagua, ulikuwa umepungua kidogo, nikalegeza nati ya kebo mpaka ukarudi kwenye kipimo chake.