Kampala hadi Mukono kwa taksi: tathmini ya Barabara ya Jinja

Barabara hii hutoka Kampala, ikapita manispaa ya Kira na kuingia Mukono, kilomita 21 hivi, na maduka yameshikana hata hujui mji mmoja umeishia wapi. Kwa kupata gari, inastahili alama nzuri. Kwa muda, alama mbovu.

Taksi za Mukono, yaani mabasi madogo ya abiria, hupakiwa Old Taxi Park, kituo cha magari katikati ya Kampala. Gari la abiria 14 haliondoki mpaka lijae, kwa hiyo usikimbilie lililo tupu hata konda akiapa amebakiza mmoja. Kabla ya kukaa uliza nauli, kisha uliza kama gari linafika Mukono kwenyewe. Mengine huita Mukono, abiria wakipungua yakageuzia Seeta, kabla ya Mukono, nawe ukahamishiwa gari jingine. Ndiyo maana nauli hailipwi mapema: ukishalipa yote, konda wa pili atakudai upya. Kiti cha kukunja cha mlangoni kiepuke, maana kila anayeshuka atakuinua. Noti kubwa ivunje kabla ya kupanda.

Ugonjwa wenyewe uko Kireka. Njia ya Namugongo inaingilia hapo, boda zimejipanga mdomoni mwa makutano, na taksi zinashusha watu huku nusu ya gari iko barabarani. Moja ikisimama hivyo, foleni inarudi mpaka Banda. Ukishapenya, Bweyogerere inakungoja: Northern Bypass, barabara ya mchepuko, inamwaga magari yaliyozunguka jiji kutoka Busega upande wa magharibi, na malori ya Malaba na Busia, mipakani na Kenya, yamo humohumo. Kuelekea Seeta, wanaokwenda na wanaokuja wametenganishwa na mstari wa rangi tu. Dereva mwenye pupa huupita, wenzake wakamfuata, na upande wa pili nao ukafungwa. Hapo hata askari wa trafiki hana la kufanya haraka.

Toka mjini kabla ya saa kumi jioni, au ngoja hadi saa mbili usiku. Mvua ikinyesha nauli hupanda palepale. Siku ya mechi kwenye uwanja wa Namboole, na siku za kuelekea Juni 3, Siku ya Mashahidi wa Uganda, mahujaji wanapokwenda Namugongo, ongeza muda maradufu.

Boda inafaa kipande cha Nakawa hadi Kireka foleni ikikwama, tena kwa helmeti. Mpaka Mukono, hapana. Malori hayo hayana huruma. Anayekwenda Jinja apande gari la Jinja kutoka mjini, kwani yakifika Mukono mengi yamejaa.