Kipimo cha madini mazito kwa shamba la mboga, Malindi: nyota tatu, ya nne naishikilia kwanza

Huduma yenyewe ni hii: kijana anakuja shambani, anachukua udongo, unasafirishwa kwa basi la usiku hadi maabara Nairobi, na majibu yanakufikia kwa WhatsApp. Udongo ni shilingi 6,500 kwa sampuli. Ukitaka na majani yapimwe, 5,000 juu yake. Jina lao sitalitaja hapa.

Mimi nalima mchicha, kunde, bamia na biringani Muyeye, kwenye kiwanja alichotuachia marehemu baba. Upande wa mwembe tulikuwa tumewapangisha mafundi wa betri na injini za boti, wakakaa miaka. Walipohama, mama akasema pale palimwe, ardhi imepumzika. Aliyetaka karatasi ni mpishi wa hoteli moja ya Casuarina anayenichukulia mboga. Alikuwa amesoma habari za Owino Uhuru, ule mtaa wa Mombasa uliochafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kesi ambayo mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 na ambayo ilipanda hadi Mahakama ya Juu. Akaniuliza kwa adabu, "Mama, pale unapolima palikuwa na nini zamani?" Swali la haki kabisa, na wateja wangekuwa wanaliuliza mara nyingi zaidi, wakulima tungenyooka.

Kijana wa sampuli nampa nyota zote. Kabla hajatoa koleo aliuliza historia ya kiwanja, nani alifanya kazi wapi, maji machafu ya betri yalimwagwa upande gani. Jembe langu alilikataa kwa sababu lina rangi kuukuu, na rangi za zamani nyingine zina risasi ndani yake, ile metali ya sumu iliyomo pia kwenye betri. Akachimba sentimita 20 za juu, hapa kidogo na pale kidogo, akachanganya kwenye ndoo, lakini udongo wa mwembeni akautenga na wa shamba kubwa. Wengine wangekoroga vyote pamoja, ukapata wastani usiosema lolote. Majani aliyatia bahasha za khaki. Kwenye plastiki, alisema, yangeoza kabla ya Mariakani. Nilipomwambia nataka mchicha wa mwembeni upimwe mara mbili, uliooshwa na usiooshwa, hakubisha wala hakunitazama kama mzee msumbufu.

Ripoti sasa. Karatasi nzuri, ina muhuri, ina safu za rangi ya kijani na nyekundu, yote kwa Kiingereza. Udongo wa shamba kubwa ulikuwa na miligramu 28 za risasi kwa kilo, jambo la kawaida. Wa mwembeni, 240. Ili mpate kipimo cha kulinganisha: Marekani walikuwa wakitumia 400 kama kiwango cha kuanza kuchunguza udongo wa majumbani, na mwaka 2024 wakakishusha hadi 200. Kwa hesabu ya zamani ningepita, kwa mpya sipiti.

Lakini safu iliyonikosesha usingizi ni ya majani. Mchicha usiooshwa: risasi 4.1, nyekundu. Uliooshwa: 1.6, nyekundu pia. Pembeni wameandika kikomo cha Codex, yaani kanuni za kimataifa za chakula, ambacho kwa mboga za majani ni 0.3. Ukisoma hivyo unaona umelisha watu sumu mara kumi na zaidi. Nikapiga simu, na hapo ndipo pesa yangu ilipoanza kurudi.

Aliyepokea ni dada mmoja mtaalamu wa mimea, mpole, anaeleza mpaka uelewe. Kwanza akaniuliza, "Shangazi, hizo namba zimeandikwa ni za majani makavu au mabichi?" Zilikuwa makavu. Maabara hukausha majani kabla ya kupima, ilhali kile kikomo cha 0.3 ni cha mboga mbichi kama inavyouzwa sokoni. Mchicha kwa sehemu tisa katika kumi ni maji. Kwa hiyo 4.1 inakuwa kama 0.41, na 1.6 inakuwa 0.16. Usiooshwa umepita kikomo, uliooshwa uko ndani. Nyekundu ya pili haikustahili kuwepo. Walinitumia ripoti iliyosahihishwa, wakaomba radhi, sawa. Lakini mkulima asiyepiga simu je? Na mpishi wangu angeiona ile ya kwanza? Hii ndiyo nyota niliyoikata, na sioni aibu kuikata.

Kisha nikamuuliza inakuwaje maji ya bomba yaondoe risasi kutoka kwenye mboga. Akasema ni kwa sababu sehemu kubwa ya risasi hiyo haikuwa ndani ya mboga. Risasi ni nzito kusafiri; ikifika kwenye mzizi hunasa kwenye kuta za seli hukohuko chini, na kidogo tu hupanda juu. Kinachokuwa juu ya jani ni vumbi na matope yanayoruka mvua inapopiga udongo mtupu. Mchicha ni mfupi, majani mapana, basi yanaurukia wote.

Kadimiamu, metali nyingine ya sumu iliyokuwa kwenye ripoti, ina tabia tofauti. Mzizi una njia zake za kuingizia chuma na zinki, na kadimiamu inafanana nazo kiasi kwamba inapita humohumo. Ikishaingia, mmea unatengeneza minyororo mifupi ya kiprotini inayoitwa fitokelatini, iliyoelezwa na wanasayansi wa Ujerumani mwaka 1985. Hii huikamata kadimiamu na kuifungia kwenye vifuko vya ndani ya seli, isiudhuru mmea. Mmea unapona, na jani linabaki kijani, zuri, linauzika. Nilikaa kimya kidogo kwenye simu niliposikia hilo, maana maisha yangu yote nimechagua mboga kwa macho. Langu lilikuwa na 0.7 kavu, kama 0.07 bichi, na kikomo ni 0.2. Alhamdulillahi.

Nikamwambia lakini mchicha wa mwembeni una umanjano katikati ya mishipa, si dalili? Akacheka. Kadimiamu huleta umanjano huo, kweli, na mizizi mifupi ya rangi ya kahawia. Ila udongo wetu wa matumbawe una chokaa nyingi, pH yangu, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ilisoma 7.9, na kwenye udongo wa namna hiyo chuma hujificha, mboga ikawa manjano bila sumu yoyote. Mmea wenye njaa ya chuma hufungua zile njia zaidi, na kadimiamu ikiwepo hunufaika. Kinachotuokoa ni kwamba chokaa hiyohiyo huishika kadimiamu na risasi zisiyeyuke ovyo.

Halafu akauliza nanyweshea maji gani. Ya kisima. Yana chumvi? Nani wa huku pwani kisima chake hakina! Kumbe kloridi ya chumvi hushikana na kadimiamu na kuiachia ielee kwenye maji ya udongo, mzizi ukainywa kwa urahisi. Kwa hiyo chumvi ya maji ni jambo la kupima pamoja na udongo, na kwenye kifurushi chao cha 6,500 halimo. Mbolea za fosfeti nazo alizigusa: miamba mingine zinakotoka ina kadimiamu, hata Umoja wa Ulaya umeweka kikomo tangu 2022. Hapo sikumng'ang'ania, mimi ni wa samadi.

La mwisho alilosema ndilo zito kuliko yote, na halipo popote kwenye ripoti. Aliuliza kama kuna watoto wanaocheza chini ya mwembe. Wapo, wajukuu na wenzao, maembe yakiiva hawatoki. Akasema udongo wa mikononi unaoingia mdomoni ni hatari kuliko mchicha wenyewe, maana risasi huharibu ubongo wa mtoto unaokua. Huduma inayouza kipimo cha risasi ilipaswa kuandika sentensi hiyo ukurasa wa kwanza, tena kwa Kiswahili.

Mwembeni sasa nimeweka uzio wa makuti, mchicha nimeuhamishia shamba kubwa, na pale nimepanda bamia, kwa sababu tunda hupata madini kidogo kuliko jani. Bamia zilizopimwa baadaye hazikuonyesha risasi ambayo mashine ingeweza kuisoma. Chini nimetandaza nyasi kavu nene ili tope lisiruke. Mpishi amepewa ripoti iliyosahihishwa, anaendelea kununua, ila siku hizi anaosha mara mbili.

Mkiwatafuta, msinunue kifurushi kikubwa cha madini kumi na mawili, bei yake inauma na mengi hayakuhusu. Ombeni risasi na kadimiamu, pH, chumvi ya maji, na majani ya mboga mnayouza hasa. Waambieni waandike matokeo ya majani kwa uzito mbichi. Na simu ya yule dada imo ndani ya bei, ingawa hawaitangazi. Mwombeni yeye kwa cheo chake, mtaalamu wa mimea, la sivyo mtaunganishwa na mtu wa malipo.