OneLook: kutafuta maneno marefu ya Kiingereza kwa herufi zilizomo ndani yake

Kamusi ya kawaida humsaidia mtu anayejua neno linaanza na herufi gani. Anayejua tu kwamba ndani yake mna Q na Z hana pa kuanzia, labda aifungue ukurasa wa kwanza na kuisoma yote. Tatizo hilo hunikuta kila wiki katika klabu ya Scrabble, mchezo wa kupanga herufi ubaoni ziwe maneno, ninayoisimamia kwenye shule ya sekondari ninakofundisha Kiingereza, na kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikilitatua kwa OneLook, tovuti isiyotoza ada wala kudai usajili, ambayo hutafuta katika kamusi nyingi kwa mara moja.

Nguvu yake imo katika alama chache ambazo mtumiaji huzichanganya na herufi. Kinyota husimama badala ya herufi zozote, ziwe nyingi au pasiwe na hata moja, na alama ya kuuliza husimama badala ya herufi moja tu. Ukiandika *q*z* utapata quartz na squeeze, lakini hutaliona bezique, jina la mchezo wa karata, kwa kuwa humo Z imetangulia Q. Nilikosea hapo mara nyingi kabla ya kusoma maelekezo kwa utulivu na kugundua mikwaju miwili: //qz????? huomba maneno ya herufi saba yenye Q na Z popote zilipo, na hapo bezique hujitokeza pamoja na squeeze na quetzal. Tofauti kati ya maswali haya mawili ni ndogo kuiandika, lakini ndiyo inayotenganisha jibu kamili na jibu lenye pengo.

Mkato huunganisha masharti kadhaa katika swali moja, alama ya kutoa huondoa herufi usizozitaka, na ya kujumlisha huzuia neno lisitoke nje ya herufi ulizotaja. Kwa *+qwertyuiop, yaani herufi za mstari wa juu wa kibodi peke yake, hupatikana maneno ya herufi kumi kama perpetuity, repertoire na, kwa namna ya kupendeza, typewriter. Kwa *a*e*i*o*u* huja facetious na abstemious, ambamo irabu tano zimejipanga kwa utaratibu wa alfabeti.

Alama ninayoithamini kuliko zote, hata hivyo, ni #, inayosimama badala ya konsonanti yoyote. Sisi tuliokulia katika Kiswahili tumezoea silabi zinazoishia kwa irabu, na hata mchwa, lenye herufi nne za konsonanti mfululizo, halitusumbui kwa sababu ch ni sauti moja. Niliwaandikia wanafunzi wa kidato cha tatu *######*, nao wakakutana na catchphrase, latchstring na sightscreen, kila moja likiwa na konsonanti sita bila irabu katikati. Tulipoyatamka polepole ikabainika kwamba katika catchphrase herufi hizo sita hubeba sauti tatu tu, kwa maana tch ni sauti moja na ph ni sauti moja. Mwanafunzi anayeandika anachosikia ataandika tatu na kuhesabiwa kosa, ilhali sikio lake halikumdanganya. Kwa miaka mingi nilieleza jambo hili kwa maneno matupu. Orodha iliyopatikana kwa alama sita za # ilieleza vizuri zaidi, kwa sababu wao wenyewe ndio walioitafuta.

Kwa wapenda maneno marefu, ubao wa Scrabble una visanduku 15 kwa kila upande, hivyo herufi 15 ndizo kikomo cha neno. Uncopyrightable hutoshea pote bila kurudia herufi hata moja, ingawa sitarajii kuliona likipangwa mezani.

Anayetafuta kwa ajili ya mashindano ajue kwamba majibu ya OneLook huchanganya maneno ya kawaida na majina ya watu na ya mahali, vifupisho, na mafungu ya maneno mawili au matatu, kwa kuwa kamusi inazozipekua ni za kila aina. Neno kuonekana humo si ushahidi kwamba linakubalika katika mchezo. Kazi ya kuamua ni ya orodha rasmi, ambayo nje ya Marekani na Kanada kwa kawaida ni Collins Scrabble Words. Mimi huitumia OneLook kutafuta na Collins kuthibitisha, na sioni upungufu wowote katika mgawanyo huo.

Katika klabu yetu simu hubaki mikobani hadi mchezo uishe. Baada ya hapo kila mchezaji huandika herufi saba zilizomshinda, akitanguliza mikwaju miwili. Wiki iliyopita msichana mmoja aliyekata tamaa na A, E, I, N, R, S na T alipata nastier, retains na retinas, akayanakili yote matatu katika daftari, akatafuta maana ya retinas, kisha akaomba meza ipangwe upya.